Noti Nne za Baba Mdogo

Kitabu kizima cha nyimbo kilikuwa tayari isipokuwa ukurasa mmoja, na ukurasa huo ulikuwa wa baba yangu. Mimi ndiye mpanga kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji kilichopewa kazi hiyo. Kwa miezi saba nilikuwa nimeandika solfa ya nyimbo mia nne na kumi, d na r na m, vistari na nukta, mpaka nikawa naziona herufi hizo hata kwenye ukuta wa jikoni. Kila wimbo una mistari minne ya noti: sauti ya kwanza juu, ya pili chini yake, kisha ya tatu, na besi mwisho kabisa. Wimbo namba 312 ulikuwa na mistari mitatu tu. Mahali pa sauti ya tatu palikuwa peupe, na kila nilipoufungua kwenye kompyuta nilipandwa na hasira.

Kamati ya kitabu iliweka sharti moja lisilo na msamaha: wimbo uwe na sauti zote nne, la sivyo hauingii. Katibu wa kamati, mtu mwembamba asiyeachana na kalamu nyekundu hata akienda kunawa mikono, alinipa mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kitabu cha namna hiyo huchapwa upya mara moja katika miaka ishirini hivi. Baba alikuwa na miaka sabini na minne. Kila mtu nyumbani alijua maana yake, ila hakuna aliyeitamka.

Baba ni fundi cherehani. Nyimbo zake zote amezitungia dukani, kwenye karatasi ya kaki ya kukatia mitindo, kwanza kwa chaki ya fundi, kisha kwa penseli. Wanakwaya anaowafundisha walimbandika jina la Bwana Nukta, kwa sababu anaweza kuwasimamisha watu sabini kwa ajili ya nusu pigo lililomezwa na mtu mmoja. Hana dogo. Ukimwambia kwamba hiyo ni nukta tu, utaiimba hiyo nukta mpaka mate yakukauke.

Zamani duka lilikuwa na vyerehani viwili. Cha pili kilikuwa cha baba mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye kwaya nzima ilimwita Filimbi. Baba alikata, yeye akashona. Na katika kutunga walikuwa na utaratibu wao ambao sijauona kwa watu wengine. Baba aliandika sauti ya kwanza, akaandika besi, akamalizia na ya pili. Ya tatu hakuigusa. Alizipitia zile tatu moja baada ya nyingine kwa sauti ya chini, na baba mdogo, bila kuinua macho kwenye mshono, akaanza kuguna huku akikanyaga pedali. Mguno ulitafutatafuta, ukakosea, ukarudi, kisha ukapata njia na kupanda juu mpaka wapita njia wakasimama mlangoni. Baba alikuwa kando yake na penseli, akiandika anachosikia. Pengine suruali iliisha kabla ya wimbo. Basi baba mdogo alichukua kitambaa chakavu akakishona bure, maana bila pedali hakuweza kuimba.

Kisha kikaja kitabu cha kwanza. Nyimbo kumi na moja za pale dukani ziliingia, na pembeni mwa kila moja palichapwa jina la baba, peke yake. Baba mdogo alikiona kitabu Jumapili, pale pale kanisani. Alifunua wimbo mmoja, akafunua wa pili, mpaka akazimaliza zote kumi na moja. Akaimba ibada nzima, na waliokuwepo wanasema hakuwahi kuimba vile. Jumatatu asubuhi alipakia cherehani chake kwenye mkokoteni, akaaga vizuri, akahamia mji mwingine. Hakugomba. Afadhali angegomba. Kwa miaka kumi na minane ndugu hawa walikutana misibani tu, wakajuliana hali kama watu waliopanga foleni moja, kila mmoja akashika njia yake.

Tangu hapo baba ametunga nyimbo kumi na tisa, zote za mistari mitatu. Zimelala kwenye droo ya mikasi. Ukimuuliza ya tatu iko wapi, anajibu kwamba bado hajaisikia. Kwaya huziimba hivyo hivyo, wanaume wa sauti ya tatu wakijibanza kwa watu wa besi. Mama alikuwa na mzaha wake juu ya jambo hili. Alisema anawaonea wivu wenzake ambao waume zao huwaza wanawake wa nje, maana hao angalau wanajua waende kugombana na nani. Wa kwake anawaza sauti.

Mimi sikuumbiwa subira. Wiki mbili kabla ya siku ya mwisho nilikaa chini nikaiandika sauti ya tatu mwenyewe. Solfa naijua, sheria zake nazijua, na nilifuata kila moja. Nikampelekea baba dukani. Aliisoma akiwa amesimama, mdomo ukitembea bila kutoa sauti, mpaka mwisho.

"Ni sahihi," alisema. "Haina kosa hata moja."

Akanirudishia karatasi kwa vidole viwili, akaendelea na kupima mkono wa koti. Angenitukana ningeumia kidogo kuliko vile.

Ndipo nilipopiga moyo konde. Jumamosi ile nilikwenda kwa baba mdogo bila kumwambia mtu. Nilimkuta katika chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani kile kile karibu na dirisha, na rundo la sketi za shule likimfika kifuani. Alikuwa amejifunga kitambaa shingoni, na siku yenyewe ilikuwa ya joto. Alinipokea kwa mikono miwili. Alipofungua kinywa kunikaribisha, kilichotoka ni mkwaruzo, mithili ya mtu anayeburuta kiti kwenye sakafu.

Aliniambia kwamba ilikuwa uvimbe kooni, miaka miwili iliyopita, baada ya msiba wa mwisho tuliokutana. Walikata, wakashona. Akafungua kitambaa anionyeshe kovu. Mshono ni mzuri, alisema, aliyeshona si mtu wa kubahatisha. Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia, naye akauliza angemwambia nani. Swali lilikuwa la haki.

Nilimweleza habari ya wimbo, kitabu, kamati na Ijumaa. Alinisikiliza huku akikunja pindo la sketi.

"Baba yako ndiye amekutuma?"

"Hapana, baba mdogo. Nimejileta."

"Basi umejichosha bure, mwanangu. Mwenye wimbo aje mwenyewe."

Niliporudi nilimwambia baba maneno hayo kama yalivyo. Ila habari ya koo sikuisema. Nilijiambia kwamba hiyo si habari ya kupelekwa na mtoto. Uongo mtupu. Nilinyamaza kwa sababu nilijua kwamba akisikia Filimbi hana sauti tena, hatakwenda, na ukurasa wangu utabaki mweupe. Hilo nalisema leo bila kujitetea.

 Jumatatu baba aliamka, akavaa koti analovaa akienda harusini, akakunja karatasi ya wimbo, akatundika kibao cha kufunga duka. Katika maisha yangu sikuwahi kuona duka lile likifungwa siku ya kazi pasipo msiba. Aliniambia twende. Njia nzima aliguna ile sauti ya kwanza, na kila alipofika pahali fulani alinyamaza kidogo, akiacha nafasi. Alikuwa anamsikia mdogo wake mle ndani ya kichwa, anapanda. Nilitazama dirishani nikatamani ardhi inimeze.

Baba mdogo alifungua mlango, akasema, "Karibu, kaka." Maneno mawili tu. Baba alibaki kizingitini na mkono wa salamu hewani. Akanigeukia. Sijui niliyaonaje macho yale, najua tu kwamba sikuweza kuyatazama mara mbili. Kisha akaingia, akakaa kwenye benchi, akaweka karatasi magotini.

Nilidhani ataulizia koo. Hakuulizia.

"Ile fomu ya kitabu cha kwanza niliijaza mimi," baba alisema. "Nafasi ya jina ilikuwa mstari mmoja, hilo ni kweli. Lakini majina mawili yangetosha. Nilipima."

Baba mdogo alikuwa ameshika mkasi. Aliuweka chini.

"Nilitaka jina liwe langu peke yangu," baba akaendelea. "Nilitaka watu waone jina moja waseme, huyu. Hiyo ndiyo sababu. Nyingine sina."

"Najua, kaka. Kwani wewe sikujui? Nililitaka neno hili miaka kumi na minane. Nilikuwa nimeshaandaa na majibu, marefu kweli kweli. Sasa umelileta wakati sina koo la kuyatolea."

Baba alilia. Sikuwahi kumwona akilia, na hajui kulia, anakohoa tu. Baba mdogo alimwacha akohoe mpaka akamaliza. Kisha akaondoa sketi kwenye cherehani, akachukua kipande cha kitambaa kisicho na kazi, akakiweka chini ya sindano, na kumwambia kaka yake aanze.

Baba aliimba sauti ya kwanza. Akaimba besi. Akaimba ya pili. Pedali ikaanza kuzunguka, na baba mdogo akaguna. Mguno ulikuwa wa chini na mbaya, naweza kusema mbaya kwa sababu nampenda. Ulitafutatafuta vile vile kama zamani. Ulipata noti moja, ikakaa. Ukapata ya pili. Wimbo ulipofika pahali pale ambapo njiani baba alikuwa ananyamaza, penseli ilisimama juu ya karatasi.

"Panda hapo," baba alisema.

Baba mdogo alijaribu. Kilichotoka ni pumzi.

"Panda, bwana. Unapajua hapo."

"Kaka, sipandi tena. Huko juu hakuna mtu."

Pedali haikusimama. Baba aliitazama karatasi, akatazama shingo ya mdogo wake, kisha akainama akaanza kuandika anachosikia. Walikwenda hivyo kuanzia saa nne mpaka saa tisa, ubeti kwa ubeti, wakisimama ili baba mdogo anywe maji ya vuguvugu. Nilihesabu baadaye. Sauti ya tatu nzima ilikuwa na noti nne, zote za chini, zinakwenda na kurudi. Ndizo alizobaki nazo, na alizitumia zote.

Wakati wa kurudi nilimwomba baba radhi. Alisema nimekosa, ila angekuwa mimi angekosa hivyo hivyo. Tulikuwa tumekaribia nyumbani aliposema lile jambo ambalo sijaweza kulisahau.

"Nimemwona. Tumekaa goti kwa goti mchana kutwa. Na bado nina hamu naye, yaani sasa ndiyo imezidi."

Niliingiza sauti ya tatu siku iliyofuata, nikapeleka ukurasa kwa Katibu. Ulirudi kesho yake umejaa wekundu. Katibu si mtu mbaya, na alichoandika kilikuwa kweli tupu: sauti ya tatu haitembei, mahali sita inakwenda chini ya besi, mahali pawili zinagongana. Ijumaa alikuja kiwandani mwenyewe kunieleza kwa upole kwamba wimbo ni mzuri, kamati inautaka, na itakuwa hasara kuukosa kwa ajili ya mstari mmoja. Akauliza kama hakuna namna nyingine ya mstari huo.

Namna nyingine ilikuwepo, ndani ya kompyuta ile ile. Ile yangu, isiyo na kosa. Niliifungua akaisoma akiwa nyuma ya bega langu, akagonga meza kwa kalamu, akasema hiyo hiyo, kazi imekwisha. Aliniachia mpaka saa kumi nimpe ukurasa.

Nilikaa nikiitazama. Ilikuwa imeingia barabara kwenye nafasi, noti zimepangana, ukurasa umejaa mpaka pembeni. Chini yake nilikuwa nimeshaandika majina mawili, la baba na la baba mdogo, kama baba alivyoagiza. Nilijishawishi kwa kila njia. Nilisema wimbo ndio mkubwa, si mstari. Nilisema baba mdogo atafurahi kuona jina lake. Nilisema kati ya watu elfu watakaouimba hakuna atakayejua. Saa nane na nusu nikakata shauri kwamba jambo hili si la kuamuliwa na mimi, nikakimbia dukani.

Baba alikuwa anaweka mapindo kwenye suruali. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Aliomba karatasi mbili, yenye mstari wangu na yenye mstari wa baba mdogo, akazilaza mezani sambamba. Hakuzisoma. Alizilaza tu.

"Huyu Katibu amesema kweli," alisema. "Kwa sheria, hii ya mdogo wangu ina makosa."

"Basi nitie yangu?"

"Ukitia yako na kuandika jina lake, tutakuwa tumemwibia mara ya pili. Toa."

"Nitoe sauti ya tatu?"

"Toa wimbo."

Nilimkumbusha miaka yake. Nilimkumbusha kwamba kitabu kingine hatakiona, na kwa hasira nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno makavu. Nilimwambia kwamba nyimbo kumi na moja za zamani kamati imezipunguza zikabaki mbili, na huu ungekuwa wa tatu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema kitabu anakitaka, nisidhani hakitaki, hata sasa mkono wake unamwasha kukitaka. Kisha akashika suruali akaendelea na pindo, na nikaona sindano imemchoma kidole mara mbili kabla sijatoka.

Saa kumi nilimpa Katibu ukurasa wa wimbo namba 312 wenye wimbo wa mavuno wa mtu mwingine, mtunzi aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa. Ni wimbo wa kawaida tu. Niliupanga vizuri.

Kitabu kilitoka baada ya miezi miwili, jalada la bluu, na watu walikishika kwa fahari. Baba alikinunua, akafunua zile nyimbo zake mbili, akasema nukta zote zipo. Wiki ile ile alimwandikia baba mdogo barua, akampigia simu kumuuliza kama barua imefika, na Jumamosi baba mdogo akaja, na kitambaa chake shingoni.

Mazoezi ya kwaya huwa saa tisa alasiri. Baba aligawa karatasi za wimbo ule, nilizomtolea nakala mwenyewe kiwandani. Vijana wa sauti ya tatu waliziangalia wakaanza kuchekana. Mmoja akauliza kama mashine iliishiwa wino, maana noti zinajirudia tu. Baba aliwaambia ndiyo sauti ya tatu, waiimbe ilivyo. Baba mdogo alisimama mwisho wa mstari wao, mikono nyuma. Hapakuwa na pedali pale, kwa hiyo aliupiga mguu wake sakafuni taratibu.

Nilikuwa mbele, kwenye sauti ya pili, nikimwelekea baba. Ubeti wa kwanza tuliuimba kwa nguvu, kama tulivyozoea. Baba akainua mkono wa kushoto, akatupunguza. Ubeti wa pili akatupunguza zaidi, kwanza sauti ya kwanza, kisha sisi, kisha besi, halafu wale vijana mmoja mmoja, mpaka watu sabini tukawa tunanong'ona, na katikati yetu nikausikia ule mkwaruzo ukitembea kwenye noti zake nne. Sasa hakuna aliyecheka. Ulikuwa unatubeba, sijui niseme vipi. Sisi wote tulikuwa tumekaa juu yake.

Ubeti wa tatu, kwenye mstari wa pili, sauti ya baba mdogo ilikatika. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Mdomo ulikuwa unatembea, mguu unapiga, na hakuna kilichokuwa kinatoka. Nilimtazama baba, nikitaka atuongeze sauti ili tufunike. Hakutuongeza. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, penseli nyuma ya sikio, anasikiliza kule kule mwisho wa mstari, akimwachia mdogo wake nafasi. Wimbo ulifika mwisho na hakutupa ishara ya kufunga. Basi tukarudi mwanzo wa ubeti ule ule, kwa kunong'ona, tukauimba mara ya pili, na ya tatu.